Shuka Jeupe Ng'ambo ya Lami

Nyumbani, 3 Februari

Kaka yangu Greda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo wako umeacha kulalamika. Sisi huku hatujambo, ukiondoa yale ya kila siku. Mama anakusalimu, anasema kama umeshindwa kuja basi tuma hata ndoto, maana siku hizi hata usingizini humtokei. Cherehani yangu imepona ule ugonjwa wa kukata uzi. Fundi aliifungua akakuta kifungo cha shati tumboni mwake, tukacheka mpaka basi. Nina sare za kwaya nzima za kushona, na kila mwimbaji amenenepa tangu nimpime.

Ninachokuandikia hasa ni habari ya barabara. Ile barabara yetu uliyokuwa ukiivuka na kikombe cha chai mkononi haipo tena. Wamemaliza mpya. Ni pana, nyeusi, inang'aa, na magari yanapita kana kwamba yanafukuzwa. Katikati wamejenga ukuta wa zege unaofika kiunoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wamejenga ukuta na ufa wenyewe hatukuwa nao. Mlango wa kijani wa Mama Mkubwa uko palepale ng'ambo, unatutazama, naona hata paka wake akijilamba. Lakini pa kuvukia hakuna. Nimetembea kushoto mpaka nikachoka, kulia mpaka nikachoka. Ukuta unaendelea tu.

Na unajua hali ya macho yake. Jicho moja lilishakufa kwa presha ya macho, la pili linaishi kwa matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Mikono yake inatetemeka, akijiwekea mwenyewe dawa inaishia shavuni. Jirani alijaribu, Mama Mkubwa akafumba jicho, akasema hataki mkono wa mtu baki usoni mwake. Anautaka wa mdogo wake tu, yaani Mama. Tumemwomba ahamie huku. Akajibu kwamba yeye ndiye mkubwa, anayehama ni mdogo. Mama naye anasema hatoki kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yetu. Wanawake wawili, ukaidi mmoja. Wiki iliyopita Mama alijaribu kuvuka kwa miguu, lori likampita karibu mpaka upepo wake ukamvua kilemba. Nimemkataza kabisa, lakini unamjua.

Wewe ni mtu wa barabara, kaka. Nieleweshe, maana nimechanganyikiwa. Mnapojenga, watu mnawavushia wapi?

Mdogo wako,
Sindano


Kambini, 27 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba, tena ya kukutosha mpaka mwezi ujao. Barua yako imeletwa na Bwana Kesho, yule dereva wa lori la lami. Amekaa nayo mpaka ikapata alama ya kikombe cha chai. Nilipomuuliza kwa nini hakuileta mapema akasema alikuwa anaileta kesho. Ndiyo posta yetu hiyo, kwani mtandao huku kambini haupandi hata ukipanda juu ya tangi la maji. Mgongo haujambo. Chakula ni kilekile, mpishi ni yuleyule. Dukani ni mbali, na barabara tunayoijenga haijaungwa na njia ya kambi, kwa hiyo nikitaka sabuni lazima nisubiri gari la msimamizi liende huko kwa shughuli zake. Mjenga barabara anaomba lifti, cheka tu.

Sasa hilo suala lako. Mnalia kwa sababu hamjazoea. Barabara kubwa ni maendeleo, na maendeleo yana adabu zake. Mtu mwenye gari havuki barabara, anaipanda. Lile gari langu la bluu limelala kwa fundi tangu nihamishwe, linaota kutu bure. Nimemwagiza Bwana Kesho alifunge nyuma ya lori akuletee. Jifunze, upate leseni, umpeleke Mama kwa dada yake kama bibi harusi. Basi, mambo yamekwisha.

Hayo mengine uliyouliza tutaongea nikija. Mwambie Mama naja likizo karibuni.

Kaka yako


Nyumbani, 24 Machi

Kaka Greda,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amefurahi kusikia unakuja, ameshafua mapazia. Paka wa Mama Mkubwa amezaa.

Gari limefika. Bwana Kesho alilileta siku ileile aliyosema, si kesho yake, nikaamini miujiza ipo. Kinyozi wa hapa jirani ndiye aliyenifundisha, na anaendesha kama anavyonyoa, kila baada ya muda mfupi anasimama kuangalia kama pande zote ziko sawa. Leseni nimepata. Gia ya pili inaingia kwa kubembelezwa, mlango wa abiria unafunguka kwa ndani tu, nadhani unajua ulichokituma.

Sasa nikusimulie safari yetu ya kwanza ya kuvuka barabara. Getini kwetu unaruhusiwa kugeuka kushoto tu. Ukigeuka kushoto unakwenda, unakwenda, unakipita kiwanda cha saruji, unafika kwenye mzunguko wenye matundu mengi kuliko chujio. Kibao kimoja kinaonyesha mshale juu, kana kwamba tupae. Nikafuata gari la mbele yangu, nikidhani mwenye gari safi namna ile lazima anajua aendako. Kumbe alikuwa anakwenda uwanja wa ndege. Tukajikuta kwenye foleni ya abiria, askari anachungulia dirishani anamuuliza Mama, "Unasafiri, bibi?"

"Nakwenda kwa dada yangu," Mama akajibu.

"Yuko nchi gani?"

"Yuko ng'ambo," akasema Mama, na askari akatupungia mkono wa kheri.

Tulifika kwa Mama Mkubwa jua limeshapanda kichwani, tumeondoka hatujanywa hata chai. Alitutazama tunavyonyoosha shingo akauliza tumetoka wapi. "Nyumbani," Mama akasema. Kutoka pale mlangoni tuliiona nyumba yetu, dirisha nililosahau kulifunga likipigapiga.

Kwa kuwa hatujui tutafika saa ngapi, wamekubaliana ishara. Kila asubuhi Mama anaanika shuka jeupe kwenye kamba yetu, maana yake sisi wazima, gari litakuja likija, usikae juani kutusubiri. Mama Mkubwa anaanika kitambaa cheupe kujibu kwamba ameona na yeye mzima. Tukianika blanketi jekundu, kuna jambo, na aliyeliona atoke mpaka ukingoni tupigiane kelele. Mama anajivunia mpango huu kuliko mhandisi wenu anavyojivunia ukuta.

Umesahau kunijibu. Watu mnawavushia wapi?

Sindano


Kambini, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma habari ya uwanja wa ndege mbele ya wenzangu wote kambini, dereva wa mtambo wa kushindilia amecheka mpaka akakaa chini. Sasa wanakuita Rubani.

Sikiliza mafunzo. Gia ya pili usiibembeleze, kanyaga klachi mpaka chini, isukume huku unafikiria jambo jingine. Mlango wa abiria ulikuwa hivyohivyo tangu nilinunue gari, ndiyo namna yake ya kumheshimu mgeni. Ukifika kwenye mzunguko, usiwaangalie watu usoni. Ukimwangalia mtu usoni anajua unaogopa, anapita. Ingia tu. Utazoea, na ukishazoea utashangaa uliishije bila gari.

Likizo imesogezwa mbele kwa sababu ya mvua. Mama asianike mapazia bado.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo. Siku ile mvua kubwa iliponyesha, mwanzoni mwa mwezi, ulikuwa umevaa gauni la njano? Ulikuwa unaanua nguo? Nauliza tu.

Hayo mengine nikija.

Kaka yako


Nyumbani, 10 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mapazia tumeyafua tena, yanachakaa kwa kufuliwa, si kwa kutumika. Nani kakuambia habari ya gauni langu la njano? Nimelivaa mara moja tu, siku ya mvua, na hapakuwa na mtu barazani isipokuwa mimi na Mama. Nimemuuliza Mama, anasema hajakuandikia. Nimemuuliza Bwana Kesho, anasema atanijibu kesho.

Ulisema nitashangaa niliishije bila gari. Nashangaa kweli, nashangaa niliishi vizuri namna gani. Gari limenioa, kaka. Asubuhi likiwaka nashukuru, lisipowaka nalia. Kila mtu mtaani ana mtu wake ng'ambo. Zahanati iko ng'ambo, duka la dawa liko ng'ambo, huku tumebakiwa na kinyozi, na kinyozi mwenyewe wateja wake wako ng'ambo. Wanakuja mlangoni na salamu ndefu, ikishafika "na mama hajambo?" najua kinachofuata ni lifti. Nikikataa mimi ni mwenye kiburi, nikikubali siku imekwisha. Kwaya imeimba na sare zisizo na mikono kwa sababu mikono sikupata nafasi ya kuishona. Mwalimu wao aliwaambia watu ndio mtindo.

Na Mama hatembei tena. Zamani alikuwa anazunguka mtaa mzima kabla sijaamka. Juzi akaniomba nimpeleke kwa jirani wa nyumba ya tatu. Nikacheka, kumbe hatanii.

Kuhusu dawa, tulikuwa tunakwenda asubuhi na jioni, kisha foleni ikatushinda, tukawa tunakwenda mara moja kwa siku, na siku nyingine tunaikosa hiyo moja. Mimi roho hainitulii. Lakini Mama ananiambia nisihangaike, kwa sababu Mama Mkubwa anajibu shuka hata hatujamaliza kulinyoosha. Anasema mtu anayeona shuka kuvuka lami ile yote, jicho lake ni zima. Nimejaribu kuukataa ushahidi huo, nimeshindwa. Kitambaa kinapanda kila asubuhi bila kukosa.

Swali langu bado lipo palepale.

Sindano


Nyumbani, 22 Mei

Kaka,

Sisubiri jibu lako, naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Asubuhi ya leo Mama aliamka na homa, akabaki kitandani. Nami nilikuwa nakimbizana na uji wake na gari lililokataa kuwaka. Hakuna aliyeanika shuka. Nilipotoka kumwaga maji nikatazama ng'ambo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimeshaanikwa.

Nilisimama na beseni mkononi kama mjinga. Nikaiangalia kamba yetu, tupu. Nikakiangalia kitambaa chake. Alikuwa anajibu nini?

Gari lilipowaka nilikwenda peke yangu. Nilimkuta ameketi, paka mapajani, uso ameuelekeza mlangoni kama anayeniona, ila alikuwa ananifuata kwa masikio. Nikamwamkia, tukaongea ya paka. Kisha nikamuuliza, "Mama Mkubwa, leo shuka letu umeliona?"

"Nimeliona, mwanangu," akasema. "Jeupe kabisa. Mama yako anajua kufua."

Nililia palepale, sikuona haya. Alinishika kichwa akaniambia kwamba anaona mwanga, na anaona kivuli cha mtu akiwa karibu, lakini barabara imeshakuwa ukungu tangu wiki za mvua. Anaanika kila asubuhi kwa kusikia magari yanapoanza kuwa mengi, kwani anajua saa hiyo mdogo wake anaanika. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema, mama yako atavuka," akasema. "Na wewe usimwambie. Nimelea yule mtoto, namjua. Heri jicho liende kuliko yeye."

Sasa niko katikati, kaka. Nikimwambia Mama, atavuka kwa miguu. Nisipomwambia, anaendelea kuridhika na kitambaa huku jicho linazimika. Nimemwekea dawa mwenyewe, safari hii hakufumba jicho, na nimepanga kwenda kila asubuhi kabla ya foleni. Mama ananiuliza kwa nini ghafla nina haraka. Nimemwambia ni mambo ya kwaya. Sijui kama nimefanya sawa. Wewe ndiye mkubwa, sema neno.

Sindano


Kambini, 25 Mei

Rubani wangu,

Marahaba. Nimepata barua yako ya tarehe kumi, ile ya sare zisizo na mikono. Huku mvua imekatika, kazi imerudi, na mpishi ameoa, basi chumvi imezidi kwenye chakula, anaota mchana.

Nimefurahi sana kusikia habari ya Mama Mkubwa. Wazee wana akili, wallahi. Shuka na kitambaa! Hakuna mtandao, hakuna vocha, na majibu yanakuja papo hapo. Nimemweleza msimamizi, akasema tungekuwa na wanawake kama hao ofisini barabara zingekwisha mapema. Usijipe wasiwasi wa bure. Kama anaona shuka, anaona. Mama kasema kweli. Nawe punguza safari, utaliua gari.

Gauni la njano liache. Niliota.

Kaka yako


Nyumbani, 9 Juni

Kaka Greda,

Shikamoo. Barua yako ya kunipongeza kwa macho ya Mama Mkubwa nimeipata jana. Sikukasirika. Nilijua kwamba ile nyingine bado iko kwenye lori, inasubiri kesho. Lakini niliisoma nimesimama jikoni, nikahisi kama mtu anayepigiwa makofi kwenye mazishi.

Mama hajambo. Nakutangulizia hilo ili usome kwa utulivu.

Sijui alianza lini kunishuku. Nadhani ni ile haraka yangu ya asubuhi, kwa sababu tangu lini Sindano akawahi kwaya? Asubuhi moja wiki iliyopita nilitoka na gari bado kuna ubaridi. Alipobaki peke yake hakuanika shuka. Alianika blanketi jekundu, akasimama kutazama. Unakumbuka maana ya jekundu ni kuna jambo, toka ukingoni. Na Mama Mkubwa akaanika kitambaa cheupe. Yaani nimeona, nami mzima.

Mama hakupiga kelele. Alivaa viatu, akachukua kile kigoda cha jikoni, na blanketi akalianua akajitanda mabegani ili madereva wamwone.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshauzunguka mzunguko, narudi kwa upande wa pili, nimekaribia kabisa kwa Mama Mkubwa, na foleni imesimama kama imekatazwa. Honi kila mahali. Dereva wa mbele akashuka, akaenda kuangalia, akarudi anacheka kwamba kuna bibi kizee kasimamisha barabara nzima, kaweka kiti katikati anapanda ukuta. Kaka, nilikuwa nimechelewa, dawa iko mfukoni, jasho linanitoka, na gia ya pili imekataa. Nikapiga honi. Niliipiga kwa kiganja chote, sikuiachia. Nikasema tena kwa sauti, dirisha likiwa wazi, "Hawa wazee hawana watu wa kuwaangalia?"

Kisha nikaona kipande cha wekundu kinashuka ukutani.

Aliyemsaidia ni dereva wa lori la mchanga. Alimpokea kama anayepokea mtoto, akamrukishia na kigoda chake, akasimama na mikono miwili juu mpaka Mama akafika ng'ambo. Nilipofika mimi nilimkuta ameketi na dada yake kitanda kimoja, wameshikana mikono. Mama akaniangalia akauliza, "Dawa iko wapi?" Alivuka bila dawa. Dawa ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye foleni aliyoisababisha yeye. Sikujua kama nicheke au nife.

Daktari amesema lililopotea limepotea, kilichobaki kitatunzika kama matone hayatakoswa tena hata siku moja. Mama amesema harudi. Nyumba ya baba ameniachia mimi, na amesema mdogo ndiye anayehama, basi amehama. Mama Mkubwa alitabasamu kama aliyeshinda kesi.

Sijamwambia kwamba ile honi ndefu ilikuwa yangu. Wewe usimwambie.

Na safari hii, kaka, nijibu. Watu mnawavushia wapi?

Sindano


Kambini, 4 Julai

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Mei na ya Juni, kwenye mfuko mmoja. Nilifungua ya Juni kwanza, sikuelewa kitu, nikafungua ya Mei, nikatamani nisingeelewa. Sikwenda kazini. Nilimwambia msimamizi mgongo.

Ulitaka neno la mkubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa natuma fimbo ya bluu yenye gia mbovu. Neno sina.

Ila swali lako nitalijibu. Sijui. Ndilo jibu. Kila uliponiuliza nilitazama kipande ninachokisawazisha nikaona kwamba huku nako hakuna pa kuvukia, nikaona aibu kuandika. Nilipopata barua hizi nilimuuliza msimamizi, akaniambia nimuulize mhandisi. Mhandisi alinionyesha karatasi kwa heshima zote, akasema vivuko viko awamu ya pili. Nikauliza awamu ya pili ni lini. Akasema hilo yeye halijui, linajulikana juu. Nikauliza juu ni wapi. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, na nadhani kweli hakuwahi. Tukabaki tunaangalia karatasi wote wawili. Kesho yake nikapanda greda, nikaendelea kusawazisha. Sikujua la kufanya lingine.

Jingine. Sikuota. Mwanzoni mwa Aprili tulihamisha mitambo, mimi nikiwa juu ya lori pamoja na greda langu, tukapita hapo nyumbani. Nilikuwa nimepanga kushuka niwashtukize. Nikamwomba dereva asimame, akasema hapa hakuna pa kusimama, akisimama atapigwa faini na nyuma yetu kuna msururu. Nikakuona barazani, gauni la njano, unapambana na shuka kwenye mvua. Mama alikuwa anakuelekeza kwa mkono. Nilipiga kelele jina lako, jina lako la kweli. Kisha tukakipita kiwanda cha saruji. Sikuwaambia kwa sababu sikujua niseme vipi kwamba nimefika nyumbani na sikufika.

Likizo nimepewa, Agosti mwishoni. Nakuja kwa basi. Basi litanishusha upande gani, sijui.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Sasa nimeelewa kwa nini siku ile ya mvua Mama aliacha kunielekeza akageukia barabarani. Alisema amesikia mtu ananiita. Nikamwambia ni upepo wa malori.

Habari za huku ni hizi. Jicho la Mama Mkubwa halijarudi nyuma tena, daktari ameridhika. Wanagombana kutwa kuhusu paka. Mama ameanza kutembea, ng'ambo wana kijia nyuma ya nyumba, anakwenda mpaka zahanati na kurudi. Mimi nimebaki huku na cherehani na nyumba nzima ya kufagia. Jumapili ndiyo siku yangu ya kuwatembelea, gari likikubali. Siku nyingine limelala uani, na kwa kuwa mti wa kamba yetu ulioza, nimeifunga kamba kwenye chuma cha juu ya gari lako. Bora lifanye kazi. Kinyozi kaniuliza kama nauza, nikamwambia nauza lote isipokuwa chuma.

Ishara inaendelea, ila sasa ni mimi na Mama. Kila asubuhi naanika shuka, naye anaanika kitambaa. Na hapo ndipo ninapokuja kukuambia jambo nililolifanya, sijui kama unaweza kuniita mwenye akili.

Lilinijia wazo usiku mmoja, likakataa kuondoka. Kama mkubwa aliweza kunificha, mdogo atashindwaje? Damu moja, macho ya ukoo mmoja. Kitambaa kinapanda kila asubuhi, ndiyo, lakini kilikuwa kinapanda hata zamani. Basi jana asubuhi sikuanika. Nilijibanza nyuma ya gari nikachungulia ng'ambo kama mwizi.

Mama alitoka na kitambaa mkononi. Akatazama kwetu. Hakukianika. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama tena, muda mrefu. Kaka, nilifurahi mpaka nikaziba mdomo. Anaona! Mama anaona kila kitu!

Kisha akaingia ndani, akatoka amebeba kigoda.

Sijawahi kukimbia vile tangu nizaliwe. Shuka nililing'oa kitandani na mto ukaruka nalo, nikalitupa juu ya kamba bila kubana, nikabaki nimelishikilia kwa mikono miwili huku napiga kelele ambazo magari yalizimeza zote. Alikuwa ameshafika ukingoni. Mguu mmoja ulikuwa kwenye lami.

Akaniona. Akarudisha mguu. Akakiweka kigoda chini palepale, akakikalia, anapumua. Halafu akainuka, akaenda kuanika kitambaa chake.

Leo nimeanika kabla ya jogoo. Ukija, upande wowote utakaoshushwa, usivuke. Simama tu. Mmoja wetu atakuona.

Mdogo wako,
Sindano